Je, Wamazrui Wote ni wa Babu Mmoja?

SWALI: Sisi ni Wamazrui wa Tanga. Nina marafiki Mombasa wenye jina hili, na hivi karibuni nimeliona pia kwa watu wa Abu Dhabi. Je, sote ni ukoo mmoja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa jina, ndiyo, kwa babu wa karibu, si lazima. Asili ya jina ni Oman, ambako Mazrui ni kabila lenye matawi mengi, na baadhi ya matawi hayo yako katika Falme za Kiarabu, ambako huandikwa Al Mazrouei. Hao wa Abu Dhabi ni watu wa kabila lenu, lakini nasaba yao ilitengana na yenu kabla ya safari ya kuja Afrika Mashariki.

Tawi la pwani yetu lina historia inayofuatika. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Fort Jesus mwaka 1698, na katika karne iliyofuata maimamu wa Yaarubi, ukoo uliokuwa ukitawala Oman wakati huo, wakawapa Wamazrui uliwali (ugavana) wa Mombasa. Utawala wa Oman ulipoingia mikononi mwa ukoo wa Mabusaidi, Wamazrui walikataa kuwatii, wakajitawala Mombasa na kwa muda mrefu Pemba pia, mpaka Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi, alipoutwaa mji mwaka 1837 na kuwapeleka viongozi wao kifungoni Bandar Abbas. Waliosalimika walikimbilia Takaungu upande wa kaskazini na Gazi upande wa kusini, na pande hizo mbili, nadhani wengi husahau, hazikupatana kila mara.

Mwaka 1895, mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki, Waingereza walimtambua mwanawe Rashid, na mtoto wa ndugu wa marehemu, Mbaruk bin Rashid, akaasi. Mkubwa wa Gazi aliyejiunga na vita hivyo naye aliitwa Mbaruk bin Rashid! Kinachowatenganisha ni jina la babu: wa Takaungu ni mjukuu wa Khamis, na wa Gazi ni mjukuu wa Salim, kwa kuwa baba yake ndiye Rashid bin Salim, liwali aliyeangushwa mwaka 1837. Mwaka 1896 Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wakitawala Tanga.

Madhehebu yasikupotoshe. Kabila hili asili yake ni Ibadhi, ilhali wengi wa Mombasa ni Sunni wa Kishafii, kama alivyokuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizikwa mwaka 2014 katika makaburi ya ukoo karibu na Fort Jesus.

Waulize wazee wako majina ya mababu hadi wa tano au wa sita, na kila babu alikotoka kabla ya Tanga. Wakikutajia Gazi, anza kutafuta kwa watu wa Mbaruk; wakikutajia Pemba, huenda mlihama kabla ya vita vya 1895.