Kuimbia waamini na kuimbisha waamini

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha kwaya, huku upande wa Masasi, nilitaka parokia nzima ijue kuwa mwalimu kaja. Jumapili ya karibu na sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, nikapanga nyimbo mpya tupu, kuanzia ya mwanzo hadi ya shukrani, zote sauti nne. Kinanda nikakipandisha toni nzima ili soprano zing'are. Tatizo la kwanza: Novemba ni korosho. Besi, wanaume wa sauti nzito, kati ya saba walibaki wawili, wengine wako mashambani wanaokota.

Tulipofika kwenye wimbo wa Utukufu nikageuka kuwatazama waamini. Midomo imefungwa. Baba mmoja alikuwa anasoma tangazo la michango ukutani.

Misa ilipokwisha, bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akanishika mkono chini ya mwembe. "Mwalimu, leo mmetuimbia vizuri. Sisi tutaimba lini?"

Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikasoma Musicam Sacram, hati ya Kanisa ya mwaka 1967, nikakuta kumbe haipendi kabisa kwaya ihodhi nyimbo zote na watu wabaki watazamaji. Bibi hakuwa ameisoma, ila alikuwa sahihi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujachagua wimbo mfikirie baba wa makamo anayekaa benchi la nyuma. Kama hafikii noti ya juu ya kiitikio bila kukaza shingo, ushushe. Soprano watalalamika, wazoee. Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo visibadilike kila Jumapili. Mimi hushika hivyo hivyo miezi kadhaa, mpaka watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto parokiani, wanaviimba wakienda kuteka maji. Wimbo mpya uweke kwenye matoleo au baada ya komunyo, hapo kwaya ijimwage kwa sauti nne zake.

Kiitikio cha zaburi nakifundisha dakika tano kabla ya Misa, bila kinanda. Naimba mara mbili, wanarudia mara mbili, basi. Wakati wa korosho nachagua nyimbo za sauti mbili, maana besi wa kuazima hajawahi kunifaa.

Kwaresima nayo ina mambo yake. Aleluya inapumzika, Utukufu hauimbwi Jumapili hizo, na kinanda ni cha kusindikiza waimbaji tu, si cha kuonyesha vidole. Watu wakishazoea ukimya ule, Utukufu wa mkesha wa Pasaka unapoanza na kengele zinalia, hakuna anayehitaji kuhimizwa.

Kuhusu sare sina mengi. Nimeona kwaya zikigombana miezi mitatu kwa sababu ya kitenge, na zaburi haijulikani.

Yule bibi bado yupo. Siku hizi kiitikio anakianza kabla yetu, nusu toni chini ya kinanda, na sijathubutu kumrekebisha.