Moyo kudunda ovyo baada ya sindano ya testosterone

Kaka, umesema moyo unakwenda mbio siku ya pili baada ya kuchomwa testosterone, homoni ya kiume. Usitaharuki, ila usilipuuze. Dawa ile hupanda sana kwenye damu siku za mwanzo kisha hushuka, na wengine ndipo moyo huwarukaruka. Daktari anaweza kuigawa: dozi ndogo kila wiki badala ya kubwa kwa mkupuo.

Ninachohofia zaidi ni damu kuwa nzito, maana testosterone huongeza chembe nyekundu. Ukifika hospitali ya Ligula omba picha kamili ya damu, utazame hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikizidi asilimia 54, dawa husimamishwa kwanza. Wakupime na presha, tezi ya shingo na umeme wa moyo, yaani ECG. Utafiti mkubwa uliotoka Marekani 2023, wanaume zaidi ya 5,200 wenye moyo mgonjwa au walio hatarini kuupata, haukuona mshtuko wa moyo ukiongezeka, lakini mapigo yasiyo na mpangilio yaliongezeka kidogo, na damu kuganda kwenye mapafu pia.

Hivyo vinywaji vya energy unavyokunywa ukilinda korosho ghalani usiku, acha kwanza.

Kifua kikibana, pumzi ikikata, ukihisi kuzimia au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali usiku huohuo. Na sindano ijayo usichome kabla hujaongea na aliyekuandikia. Kama aliyekupa ni jamaa wa gym tu, si daktari, basi anza kwa kumwona daktari.