Baba na baba mdogo wote wana Parkinson, mbona hawafanani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 76, na aligundulika na ugonjwa wa Parkinson miaka mitatu iliyopita. Hatetemeki sana, ila anatembea kwa hatua fupi fupi, akifika mlangoni miguu inaganda, na ameshaanguka mara mbili. Mdogo wake, wa baba na mama mmoja, alianza akiwa na miaka 38. Sasa ana 57 na akili yake ni timamu kabisa, lakini asubuhi vidole vya mguu hujikunja, na dawa ikikolea mwili unachezacheza wenyewe. Wote wanatumia dawa ya levodopa, ila baba mdogo anatumia na vidonge vya benzhexol, na anasema vinamsaidia. Je, ni ugonjwa mmoja? Ni umri au ni damu ya ukoo? Na baba naye apewe benzhexol? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza wawili kwa mpigo. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Usimpe baba benzhexol ya mdogo wake. Kijana wa miaka 38 huistahimili, na kweli hupunguza mtetemeko na misuli kujikunja. Kwa mzee wa miaka 76, dawa hiyo hiyo inazuia kemikali ambayo ubongo wake unaitegemea kwa kumbukumbu. Kinachofuata ni choo kigumu, mkojo kuziba, kuchanganyikiwa, pengine na kuona watoto wamekaa kwenye mkeka ambao hakuna mtu mwingine anayewaona. Nimeona familia zikianza kutafuta mchawi, kumbe mchawi yumo kwenye kikopo cha vidonge. Baba mdogo naye asiiache ghafla. Ipunguzwe na daktari wake taratibu, kwa sababu naye umri unasogea.

Sasa tuje kwenye kufanana. Ndani kabisa ya ubongo wa kati kuna kundi dogo la seli nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea vizuri. Sote tunazipoteza kadiri tunavyozeeka, karibu asilimia 5 kila miaka kumi. Parkinson huongeza kasi hiyo, na kidole kinapoanza kutetemeka, karibu nusu ya seli hizo zimeshakwenda.

Lakini uzee haumalizi dopamini tu. Sehemu za ubongo zinazoshika mizani ya mwili, umakini na kumbukumbu nazo zimechoka, na mishipa midogo ya damu imechakaa. Ndiyo maana anayeanza uzeeni mara nyingi huonyesha ugonjwa kwenye miguu kuliko mikononi, huanguka mapema, na hali yake hubadilika haraka zaidi. Levodopa inarudisha dopamini, hairudishi hivyo vingine. Inaweza kumlegeza baba mkono mpaka afunge vifungo vya shati mwenyewe, na bado akaganda pale pale mlangoni. Jaribuni kubandika utepe wa rangi sakafuni kabla ya kizingiti, aulenge na kuuvuka kwa hatua moja. Huonekana kama mchezo wa watoto, lakini jicho huusaidia mguu kuanza upya.

Baba mdogo alianza akiwa na ubongo ambao mengine yote yalikuwa mazima. Kwa hiyo ugonjwa unakwenda polepole na akili inabaki. Bei anayolipa ni huko kuchezacheza kwa mwili, ambako huwapata zaidi walioanza wakiwa vijana. Watu husingizia vidonge, wengine huchelewesha kuanza levodopa "isije ikaisha nguvu". Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao walichelewa kupata dawa, na wa Italia, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kuchezacheza hufuata miaka ya ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kuahirisha dawa hakukuwaepusha Waghana.

Damu ya ukoo nayo ina mkono wake. Wagonjwa kama 5 hadi 10 katika kila 100 ndio wenye jeni moja inayotosha kueleza ugonjwa wao. Moja ya jeni hizo ni parkin, iliyogunduliwa mwaka 1998 katika familia za Kijapani, na maelezo yako ya baba mdogo yananifanya niiwaze: kuanza kabla ya 40, vidole vya mguu kujikunja asubuhi, levodopa kumkubali, akili kubaki. Muulizeni kama bado anasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Wenye parkin mbovu mara nyingi hubaki na pua yao, ilhali Parkinson ya kawaida huiua hata miaka kabla ya mtetemeko. Ikiwa baba hasikii harufu na mdogo wake anaisikia, basi huenda ndugu hawa wana magonjwa mawili yanayoitwa jina moja. Kwa barua tu siwezi kuthibitisha.

Jeni ya pili inatuhusu zaidi Waafrika. Inaitwa GBA1, na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachosaidia seli kuzoa taka zake. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, walieleza badiliko la GBA1 linalopatikana karibu kwa wenye asili ya Kiafrika peke yao. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii: badiliko likiwa kwenye moja huongeza hatari mara 1.5 hivi, kwenye zote mbili kama mara 3.5. Hapa ndipo umri na jeni vinapokutana: gari la taka lililokuwa bovu kidogo tangu kuzaliwa linaweza kumudu mtaa kwa miaka 50, hadi uzee nao upunguze safari zake. Taka zikibaki, protini ya alfa-sinukleini hugandamana ndani ya seli. Mabadiliko ya GBA1 yaliyochunguzwa zaidi huko Ulaya na Marekani huleta sura yake: kusahau mapema, kupigana usingizini, kizunguzungu mtu anaposimama. Badiliko hili la Kiafrika limekaa sehemu ya jeni isiyosomwa na vipimo vingi vya kununua, kwa hiyo jibu la "hakuna tatizo" kutoka kwenye vipimo hivyo lisikutulize sana.

Wewe binafsi, kuwa na mzazi mgonjwa huongeza hatari mara mbili au tatu, lakini wengi wa watoto hawapati kamwe. Parkin huhitaji nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Anayebeba moja kwa kawaida haugui. Sioni sababu ya wewe kupimwa kabla ya baba mdogo. Na kabla ya kumpima yeye, waulize wazee nyumbani kama babu na bibi yako walikuwa mabinamu, maana ndugu wa damu wanaweza kubeba wote nakala mbovu ile ile.