Neno lenye kinyota: kwa mnaoanza etimolojia

Ukiingia isimu historia, siku si nyingi utapewa neno ulifuatilie asili yake. Wengi hukimbilia maana. Anza na sauti.

Chukua *bogъ, "mungu" katika Proto-Slavi, lugha mama ya lugha za Kislavi. Mliosoma Proto-Bantu mnakijua kinyota hicho: hakuna aliyelikuta neno lenyewe limeandikwa, limeundwa upya kwa kulinganisha Kirusi bog, Kipolandi bóg na wenzao. Hapo hakuna ugomvi. Kasheshe ni lilikotoka.

Jibu maarufu ni kwamba limekopwa kwenye lugha za Kiirani, zile za Waskithi na Wasarmatia, watu wa kale wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Kiajemi cha Kale kina baga, "mungu". Tena mzizi huo hubeba maana ya kugawa na fungu (ndimo ilimotoka baxt ya Kiajemi, iliyotufikia sisi kama bahati), na Waslavi nao wana *bogatъ, tajiri, na *ubogъ, maskini. Inavutia, lakini haiamui kitu. Hata kama neno lilirithiwa kutoka Proto-Indo-Ulaya, lugha mama ya Kislavi na Kiirani pia, maana hizo zingekuwemo vilevile.

Sasa sauti. Kanuni ya Winter, ya miaka ya 1970, inasema kwamba katika Kibalti na Kislavi irabu fupi ilirefuka mbele ya kipasuo ghuna kisicho na mpumuo, yaani b, d au g ya kawaida ya Proto-Indo-Ulaya. Kilatini edo, "ninakula", ina e fupi. Kilithuania ėsti ina ndefu. Na kwa kuwa a ya Kislavi hutokana na irabu ndefu, o na fupi, neno la kurithi lingekuwa *bagъ. Lina o, basi ni la mkopo.

Subiri kwanza. *Voda, "maji", ni la kurithi bila ubishi, lina d ya aina hiyohiyo, na bado lina o. Mwanaisimu Ranko Matasović akapendekeza kwamba kanuni ilifanya kazi kwenye silabi funge tu, zinazoishia na konsonanti. Ukimkubali, *bogъ, ambalo silabi yake bo- ni wazi, huenda likawa la kurithi.

Kwa hiyo katika tasnifu andika "labda", kisha utaje kanuni unayoiegemea pamoja na neno linaloisumbua. Mimi naelemea mkopo kwa sababu ya *divъ. Ndugu yake wa Kilithuania, dievas, ni Mungu. Kwa Waslavi likawa kiumbe wa kutisha, kama daēva, pepo mbaya wa Avesta, maandiko matakatifu ya Kiirani; yaelekea maneno ya dini ya Waslavi yaliathiriwa na Kiirani. Ila hiyo ni dalili ya maana, si ya sauti. Ipe aya yake.