Karatasi ya kipimo cha pumzi: ipokelewe au ikataliwe?

SWALI: Mdogo wangu anaendesha Fuso kati ya Urambo na Tabora mjini. Jioni moja trafiki walimsimamisha, hata dakika tano hazijapita tangu aache kibuyu cha wanzuki, pombe ya asali. Alipuliza mara moja tu, kipimo kikatoa karatasi yenye 0.42. Sasa wanataka kuitoa iwe ushahidi mahakamani. Wakili, tunaweza kuipinga?

JIBU: Mnaweza, ndugu yangu, lakini pingamizi liwekwe pale pale karatasi inapotolewa, kabla hakimu hajaipa namba ya kielelezo. Ukinyamaza hapo, kwenye rufaa utasikilizwa kwa taabu. Jueni pia kwamba kupokelewa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Karatasi inaweza kupokelewa leo, na siku ya hukumu ikaonekana haina uzito.

Kwanza, nani anaitoa? Awe askari aliyempima, anayeweza kueleza alichofanya. Kwa kuwa karatasi imetoka kwenye kifaa cha kielektroniki, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie taarifa hiyo ilitengenezwa na kutunzwa vipi. Mwulizeni askari: kifaa kilihakikiwa usahihi lini, na nani, na hati yake iko wapi? Kabla mdogo wako hajapuliza, kilipimwa kwa hewa tupu kikasoma 0.00? Kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake dhidi ya Jamhuri (2003) nayo iwe mkononi: yaliyomo kwenye hati hayasomwi kabla haijapokelewa. Ikishapokelewa, isomwe mshtakiwa akisikia. Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu za kesi.

Wakiiita ripoti ya mtaalamu, kataeni. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (kwa namba za kabla ya Toleo la 2023) kinahusu ripoti ya mkemia wa serikali, na trafiki si mkemia.

Sasa hiyo 0.42, na hapa ndipo penye nguvu yenu. Someni kizio kilichoandikwa pembeni yake. Kikiwa miligramu kwa lita ya pumzi, huwezi kuilinganisha moja kwa moja na kikomo chetu cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Hubadilishwa kwa kuzidisha mara 2,100: 0.42 inakuwa 882 kwa lita, yaani 88 kwa mililita 100. Lakini 2,100, uwiano wa pombe ya damuni kwa ile ya pumzini, ni wastani wa watu wengi. Mwenye uwiano wa 1,800 angekuwa na 75.6, chini ya kikomo. Kwa namba iliyo karibu hivi na mpaka, shaka si ya kutunga.

Zaidi ya hapo, kipimo hakijui kama pombe imetoka mapafuni au imebaki kwenye fizi na ulimi. Ndiyo maana mpimaji husubiri dakika 15 hadi 20, akimwangalia mtu asinywe, asicheue wala asitapike, kisha hupima mara mbili na kuona kama majibu yanakaribiana. Dakika tano na mpulizo mmoja ni kasoro kubwa. (Kwamba ilikuwa wanzuki si bia haibadilishi kitu, kifaa kinasoma alkoholi ile ile.)

Kama alitolewa damu pia, ulizeni ngozi ilisafishwa kwa kitu gani. Ikiwa ni spiriti, sampuli imeingiwa na shaka. Chupa ilitakiwa iwe na floraidi ya kuzuia uchachukaji, na kila aliyeishika ajulikane, toka kwa muuguzi hadi maabara. Kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, inayohusu mlolongo wa kukabidhiana kielelezo, itawasaidia hapo.

Ila kabla ya yote someni hati ya mashtaka. Ikisema alizidisha kiwango, bila namba hawana kesi. Ikisema aliendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, askari anaweza kusimama na harufu, macho mekundu na mwendo wa kupepesuka tu, na hapo karatasi ikiondolewa bado mna kazi ya kumhoji.