Riba ya Benki Kuu imeshuka: je, nyumba za Kampala zitashuka bei?

Mwenzetu ameuliza: Benki Kuu ya Uganda ilishusha riba yake kutoka asilimia 10.25 (Aprili 2024) hadi 9.75 (Oktoba mwaka huohuo), basi angoje nyumba za Najjera na Kira, pembezoni mwa Kampala, zishuke bei ndipo anunue? Kwa sababu hiyo, asingoje. Riba nafuu huongeza wanunuzi, haiongezi nyumba. Nyumba zikibaki zilezile, bei hupanda.

Ila hapa kwetu hata kupanda huko hakuonekani upesi, maana nusu asilimia ya Benki Kuu ni nadra kumfikia mkopaji. Mkopo wa nyumba wa shilingi unazunguka asilimia 16 hadi 18. Benki inaweza kuikopesha serikali kwa hati fungani zenye riba karibu na hiyo bila kumfuatilia mdaiwa hata mmoja. Kwa nini ikupe wewe kwa 12?

Piga hesabu. Milioni 200, miaka 20, riba asilimia 17: rejesho ni kama 2,933,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 2,833,000, deni linapungua laki moja tu! Kwa asilimia 15 rejesho ni 2,633,000. Benki ikiruhusu rejesho la asilimia 40 ya mshahara, unahitaji milioni 7.3 kwa mwezi, au 6.6 riba ikishuka hivyo. Wenye mshahara huo ni wachache, ndiyo maana wengi hujenga kwa fedha mkononi: ploti mwaka huu, msingi mwakani, mabati SACCO ikitoa. Mtu huyo anaangalia bei ya saruji na nondo, si kikao cha Benki Kuu.

Riba inauma kwa mjenzi wa fleti za kuuza. Akichukua bilioni 1 kwa asilimia 18, akaichota kidogo kidogo kwa miaka 2, wastani wa deni ni nusu yake, kwa hiyo riba ni kama milioni 180. Kwa fleti 10, kila moja imebeba milioni 18 kabla ya faida. Zikikaa mwaka mzima bila kuuzwa baada ya kumalizika, milioni 180 nyingine. Kwa hiyo anaahirisha mradi, au anahamia Kololo na Naguru, mitaa ya matajiri, kutafuta wapangaji wanaolipa kwa dola. Riba ya juu ya leo ni upungufu wa nyumba za watu wa kawaida miaka 2 au 3 mbele.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hati. Sehemu kubwa ya Wakiso, wilaya inayozunguka Kampala, ni ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda): hati ina mwenyewe, kibanja (haki ya anayeikalia ardhi hiyo) kina mwingine, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa kihalali akilipa busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye hati. Kwa kawaida benki haipokei kibanja kama rehani ya nyumba. Hivyo ploti za futi 50 kwa 100 zinatangazwa kila kona, lakini zenye hati safi ni chache, na wenye mikopo wote wanagombania hizohizo. Bei hapo haimsikilizi Gavana wa Benki Kuu. (Dalali akisema "hati iko njiani", muulize iko njia gani.)

Mizigo, vile vyumba vya kupanga vya mstari, ni soko jingine: hujengwa kwa miezi michache, hivyo vikijaa mtaa mmoja kodi inatulia.

Kama unakopa, anza na upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, kisha mpeleke mpima akague mawe ya mipaka. Tenga asilimia 1.5 ya thamani kwa ushuru wa stempu wa uhamisho, mbali na ada za wakili na mthamini. Halafu soma kama riba inabadilika. Mwaka 2011 riba ya Benki Kuu ilitoka asilimia 13 mwezi Julai ikafika asilimia 23 mwezi Novemba, na waliokuwa na mikopo ya riba inayobadilika walibebeshwa nyongeza. Omba benki ikupe rejesho kwa asilimia 22: kwa milioni 200 ni kama 3,714,000. Kama hilo hulibebi, kopa milioni 150. Hata kwa 22 utalipa kama 2,786,000, chini ya rejesho la milioni 200 kwa 17.