Dadangu, Karoti Pekee Haitoshi

Juzi kuna dada amenitumia meseji, anauliza akinywa juisi ya karoti kila asubuhi ataweza kutupa miwani yake ya kusomea. Nimekaa na hiyo meseji siku tatu bila kujibu juu ilinigusa mahali panauma.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kariobangi, nina miaka 58. Kitambo mamangu alianza kusema mlango wa jikoni umepinda. Tukaangalia, mlango uko sawa kabisa. Ndugu zangu wakasema ni uzee tu, mpeni karoti, na mimi nikasaga karoti kweli, kila siku ya Mungu, hadi viganja vyake vikageuka manjano. Tulipomfikisha kwa daktari tulikuwa tumechelewa, katikati ya macho yote mawili kumeharibika. Mpaka leo akitaka kuniona uso anageuza kichwa ananiangalia kwa pembeni. Hilo halijanitoka moyoni.

Sasa mwaka juzi na mimi nikaambiwa nina vidoa vya manjano nyuma ya jicho la kushoto, ndio vinaanza, dalili za mwanzo za ule ugonjwa wa uzee unaoharibu katikati ya jicho. Nilitoka pale miguu haina nguvu, nikakimbilia duka moja mjini nikauziwa vidonge vya elfu sita, ati vinaosha macho. Nikameza miezi mitatu. Niliporudi kliniki daktari akasoma kile kichupa akanyamaza kwanza, halafu akanieleza polepole kuna utafiti mkubwa ulifanywa Marekani, AREDS2, matokeo yakatoka 2013, na vidonge vya fomula yake vina vitamini C miligramu 500, vitamini E, zinki, shaba, luteini miligramu 10 na zeaksanthini 2, hizo mbili za mwisho ni rangi za mimea. Hivyo vinapunguza kasi kwa mtu ambaye ugonjwa umefika hatua ya katikati. Haviuzuii kuanza. Mimi nilikuwa bado mwanzoni, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kwa sahani.

Na kwa sahani tuko sawa sana, hatujui tu. Luteini ndiyo ile rangi ya manjano inakaa katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikichuja mwanga mkali, na mwili hauitengenezi, lazima uile. Iko kwa sukuma wiki, iko kwa spinachi, iko kwa kiini cha yai. Mama mboga wangu ananikatia sukuma nyembamba kama uzi, nafika nyumbani naikaanga na kitunguu na mafuta kidogo, dakika chache tu ikiwa bado kijani, juu bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Wale wa kuchemsha na kumwaga maji, tafadhali muache. Samaki pia ni mzuri kwa macho, hata omena. Vidonge vya mafuta ya samaki usinunue kwa sababu ya hii shida, utafiti ule ule haukuona vikiongeza kitu.

Karoti sikatai. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mtu akikosa hiyo vitamini haoni vizuri gizani. Lakini ukiwa na hiyo vitamini ya kutosha, kuongeza hakukufanyi uone zaidi, na miwani ya kusomea inakuja juu lenzi ya jicho inakuwa ngumu ukipita 40, hakuna mboga ya kuilainisha. Vaa miwani yako dadangu, si aibu.

Na wewe unayevuta sigara halafu unatafuta vyakula vya macho, zima hiyo sigara kwanza. Na wewe wa soda kila lanchi na sukari iko juu, unajua na bado unakunywa, sukari inaharibu mishipa ya jicho kimya kimya, hauskii uchungu wowote.

Alhamisi iliyopita nimepimwa tena. Vidoa havijaongezeka. Siwezi kuapa ni sukuma imefanya, lakini nilitembea kutoka pale hadi steji natabasamu peke yangu.

Kila asubuhi nafunika jicho moja naangalia vyuma vya dirisha, kisha nafunika la pili. Fanya hivyo pia. Siku vyuma vitaonekana vimepinda, usingoje mwisho wa mwezi, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, na uende na mtu, juu ile dawa ya kupanua mboni itakuacha na ukungu masaa kadhaa na hautaweza kuvuka barabara vizuri.